Mpeleke akaione kazi siku ya Jumanne

Kila mwaka ikifika Januari, NECTA wakishatoa matokeo ya fomu foo, simu yangu inaanza. Mara wifi, mara mama fulani wa kwenye vikoba, "dada yangu mtoto kapata divisheni tatu, tumpeleke wapi?" na wote wananiuliza mimi utadhani nina chuo, kumbe mi mtu wa kliaringi tu, mwaka wa 16 huu nahangaika na makontena bandarini. Nadhani wanakuja kwangu kwa sababu kuna watoto watatu wanne wa ukoo walipitia mkononi mwangu wakatokea, ila hawajui habari za yule mmoja niliyemharibia, huyo ntamsema huko mbele. Basi nimeona niandike mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Mi mwenyewe nilichaguliwa. Baba alitaka daktari nyumbani, nikapelekwa PCB, yaani kombi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, Fizikia sikuielewa kuanzia fomu faivu mpaka siku ya pepa, fomu siksi nikatoka na tatu, nikasoma kozi iliyobaki, bodi ya mikopo ikanikopesha, alafu nikaingia fildi kwenye ofisi ya wakala wa forodha mjini nikiwa natafuta muhuri tu wa kwenye logibuku. Hapo ndo nikakutana na kazi niliyonayo mpaka leo. Yaani miaka mitatu ya chuo haikunileta hapa, wiki nane za fildi ndo zilinileta, na deni la bodi nikalilipa kwa kozi ambayo sijawahi kuitumia hata siku moja, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi inakatwa huku naangalia.

Kwa hiyo njia yangu ni hiyo moja tu, mtoto akaionje kazi kabla hamjailipia ada. Yaliyobaki hapa chini ni jinsi ya kulifanya hilo bila kugombana.

Anza matokeo hayajatoka

Lile swali la "unataka kuwa nani" liachwe darasa la tatu. Mtoto wa Dar kaona watu wangapi wakiwa kazini? Kamwona mwalimu, daktari, polisi, konda, mama ntilie, boda, na wale wa kwenye simu wanaocheza na kuchekesha. Basi anachagua humo humo. Hajawahi kumwona mpima ardhi, hajui kuna mtu kazi yake ni kukaa juu ya kreni pale bandarini masaa mengi bila kushuka, hajui maji ya bombani kuna mtu anayapima maabara. Ukimuuliza anataka kuwa nani anakujibu kitu ili umwache aendelee na mambo yake, we unakichukua kile kijibu unakiita ndoto ya mtoto na unaanza kutafuta hela.

Fomu foo wanamaliza Novemba, matokeo yanatoka Januari, wanaokwenda fomu faivu wanaripoti mwezi wa saba hivi. Hesabu mwenyewe, ni miezi saba na ushee mtoto yuko nyumbani, na wazazi wengi wa hapa mjini wanaijaza yote na tuisheni ya kujiandaa na fomu faivu. Sina ugomvi na tuisheni, ila mtoto anasoma Fizikia ya fomu faivu Februari wakati hamjui hata kama anaenda PCM au anaenda DIT kule chuo cha teknolojia au anaenda VETA kwenye ufundi stadi, hiyo mi siielewi. Desemba ndo mwezi mzuri kuliko yote, hamna anayelia, hamna aliyefaulu wala aliyefeli, mtoto anasikiliza na baba anasikiliza. Matokeo yakishatoka kila mtu anaongea kwa hasira au kwa sifa.

Wa fomu siksi muda wao umebana, pepa mwezi wa tano, wengine wanaitwa JKT, matokeo mwezi wa saba na maombi ya vyuo yanafunguliwa hapo hapo. Huyo mfanyie haya likizo ya fomu faivu, ukisubiri amalize umeshachelewa.

Wiki ya kwanza usiseme kitu

Angalia tu. Mtoto anafanya nini ambacho hajatumwa? Na akitumwa, ni ipi anaifanya kwa kununa na ipi anaimaliza bila kelele? Chukua kidaftari kabisa uandike, maana ukitegemea kichwa utakumbuka yale unayoyataka we.

Mtoto wa kaka yangu mkubwa aliletwa kwangu Tabata akiwa kasema anataka "mambo ya kompyuta". Siku nne zote kompyuta yenyewe anachezea gemu la mpira, hana zaidi. Siku ya tano nimerudi kazini usiku nakuta pasi yangu iliyokufa toka Pasaka imefunguliwa iko chini sebuleni, bisibisi hana, katumia kisu cha mezani, na skurubu zote kazipanga kwenye kifuniko cha Blue Band kwa mzunguko, ya kwanza kutoka juu kama saa kumi na mbili ya kwenye saa ya ukutani, inayofuata pembeni yake, mpaka ya mwisho. Nikamuuliza hii vipi, akanijibu hata hajainua kichwa, "nikizichanganya shangazi hairudi." Pasi ikapona. Kesho yake feni ya jirani. Keshokutwa mama wa ghorofa ya chini kaleta jagi la kuchemshia maji.

Sasa hapo mtoto kasema kompyuta, mikono inasema kitu kingine. Na sikumwambia "we utakuwa fundi", maana ukishamwambia hivo unakuwa umemchagulia na we tena, nimeandika tu kwenye daftari, nikanyamaza.

Lingine la kuandika ni anachokilalamikia. Kuna mtoto joto na jua havimsumbui ila kukaa kimya ndani masaa mawili ni adhabu. Kuna mwingine kelele za watu zinamchosha mpaka kichwa kinamuuma. Kazi nyingi watu hawaziachi kwa sababu ya mshahara peke yake, wanaziacha kwa sababu ya hivi vidogo vidogo vinavyorudi kila siku.

Mpeleke Jumanne

Tafuta kazi tatu. Moja aliyoitaja yeye, moja inayotokana na ulichokiona kwenye daftari, na moja ambayo hajawahi kuisikia kabisa. Usitafute mabosi, tafuta mtu anayeifanya kwa mikono yake, na huyo humkosi, kila mtu Dar ana shemeji au mtu wa kwao, ukiuliza kwenye grupu la Wasapu la msibani tu utapata nesi, fundi, mhasibu na mtu wa bandari. Kwa mambo ya ufundi hata koneksheni haihitajiki, Keko wanachonga makochi barabarani unawaona, Gerezani vyuma vinagongwa toka asubuhi, unaenda unaamkia unaeleza shida yako.

Kwa nini Jumanne? Jumatatu watu wana vikao na hasira, Ijumaa wanawaza kuondoka, Jumamosi ofisi nyingi nusu siku. Jumanne ni siku ambayo haina cha maana, na ndo nataka aione hiyo. Na akae mpaka mchana, saa nane ile watu wamekula, joto limekolea, usingizi unakuja na kazi bado ipo. Saa tatu asubuhi kila kazi inapendeza.

Adabu zake sasa. Mpigie mwenye kazi mapema na mwambie ukweli kwamba mtoto anakuja kutazama, siyo kuombewa kazi, ukisema hivo tu watu wanalegea. Viatu vya kufunika, simu mfukoni, shikamoo kwa kila mtu mpaka mlinzi. Akiambiwa shika hiki ashike, akiambiwa kaa pale akae. Mpe hela ya soda amnunulie mwenyeji wake, siyo rushwa jamani ni ustaarabu. Na sehemu kama hospitali usimwingize kienyeji, aombewe ruhusa kwa msimamizi, wagonjwa wana siri zao.

Siku moja inakupa harufu tu. Kama kaipenda au hajaelewa, arudi wiki nzima, na ikiwezekana wiki tatu. Yule wa pasi nilimtafutia fundi AC mmoja anayezunguka maofisi ya mjini na Kariakoo. Siku ya kwanza kazi yake ilikuwa kubeba ngazi. Siku ya pili kubeba ngazi. Siku ya tatu wamepanda juu ya paa la jengo mchana, bati linachoma mpaka fundi anakanyagia boksi, wanaosha kondensa, kashuka shati limekuwa jeusi, na nauli ya kurudi kaipoteza huko huko katembea kutoka Kariakoo mpaka Buguruni ndo akapata mtu wa kumlipia. Nikasema leo basi, huyu kesho harudi. Kafika nyumbani kala, alafu akaanza kunielezea gesi inavyotoka nje inarudi ndani, kwa kijiko na vikombe viwili, saa nne ya usiku, mi nataka kulala.

Kuna binti wa jirani yangu yeye alitaka unesi, na nikimchimba naona anachokipenda zaidi ni ile sare nyeupe. Akaombewa zahanati moja huko Mbagala. Siku ya kwanza wanasafisha kidonda cha mguu cha mzee mwenye sukari, binti akatoka nje akakaa kwenye benchi kaishika pua. Nesi akamfuata, hakumcheka, akamwambia mi mwaka wa kwanza nilianguka kabisa, kunywa maji urudi. Akarudi. Siku ya nne namuuliza vipi damu, anasema damu nimezoea mama, shida ni ndugu za wagonjwa wanavyofoka, na kusimama toka saa moja na nusu. Ila kuna kachumba pale nyuma wanapima malaria na mkojo, kila akitafutwa yuko huko, anaangalia kwenye darubini. Miezi miwili kabla alikuwa hajui kama maabara ni kazi inayosomewa peke yake.

Maswali ya kumpa

Usimpe kuuliza "unaipenda kazi yako?" Mtu mzima mbele ya mtoto atasema anaipenda, atamshukuru Mungu, na hutajifunza kitu. Mpe aulize, jana ulifanya nini kuanzia ulipofika mpaka ulipoondoka? Hili likijibiwa vizuri limebeba nusu ya kazi. Aulize uliingiaje hapa, nani alikuonyesha mlango, maana tangazo la kazi na jinsi mtu alivyoingia kweli ni hadithi mbili tofauti. Aulize mwenzako wa mwisho kuacha aliachia nini. Aulize miezi gani hela inakata, kila kazi ina kiangazi chake hata za ofisini.

Mshahara usiulize "we unalipwa ngapi", hapa kwetu hilo hata mke hajibiwi. Uliza "kijana akianza hapa leo anaanzia kama ngapi, na baada ya miaka mitano?" Watu wanajibu bila shida, na mara nyingi wanasema ukweli kwa sababu siyo wao wanaosemwa.

Akirudi nyumbani asiambiwe aandike insha. Mwache aongee wakati wa kula, mkumbushe na maswali mawili, andika kwenye kidaftari alichokirudia mara tatu.

Ukishajua kazi, rudi nyuma mpaka kwenye somo

Hapa ndo wazazi wengi wanapotea, wanaanza na pointi. "Kapata tatu ya 23, kozi gani inampokea?" Mi naanza na kazi alafu narudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nifike kwenye karatasi ya matokeo, na nikifika pale naangalia somo kabla ya divisheni.

Mfano kozi ya diploma ya utabibu, inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Maana yake mtoto mwenye divisheni foo ila ana D kwenye hayo matatu na lingine moja anaruhusiwa kuomba, na mwenye divisheni tuu safi ya masomo ya arts isiyo na Kemia haruhusiwi hata kugonga. Watu hawaamini mpaka wafungue kitabu cha mwongozo cha NACTVET, lile baraza la vyuo vya kati, wasome wenyewe. Kinapatikana bure mtandaoni, bando la jero tu linatosha. Cha digrii kiko TCU, tume ya vyuo vikuu, bure hivyo hivyo. Kabla hujamlipa mtu wa stesheneri akuchagulie kozi soma hicho, yule kijana wa stesheneri ana foleni ya watu 30 na hamjui mwanao.

Ngazi zenyewe kwa kifupi. Mwenye C tatu na kuendelea anaweza kuchaguliwa fomu faivu, na toka 2024 kombi zimeongezwa mpaka 65, siyo zile PCM na HKL za enzi zetu tu. Mwenye D nne anaweza kuanza ngazi ya 4 ya NACTVET, ya 5, mpaka ya 6 ambayo ndo diploma, na akimaliza na GPA ya 3.0 kwenda juu mlango wa digrii uko wazi, nimeona wengi waliopita huko wakamaliza wakiwa na ujuzi kuliko wenzao wa fomu siksi. Asiyefika hapo au asiyetaka makaratasi kuna VETA, vyeti vya NVA ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, hapa Dar Chang'ombe na Kipawa wanajulikana. Hata aliyejifunza gereji bila darasa VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti cha ujuzi wake, hilo wengi hawalijui wanabaki kuitwa "dei waka" mpaka wanazeeka. Na kwa wadogo zao walioanza sekondari juzi mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ndani ya shule zenyewe, kwa hiyo maongezi haya kwao itabidi yaanze mapema zaidi.

Watoto wanajaza Selform, ile fomu ya kuchagua kombi na vyuo, wakiwa bado shuleni, wengine wanajaza kwa kufuata rafiki. Ila matokeo yakitoka TAMISEMI huwa wanafungua tena dirisha la kubadilisha kombi na vyuo kwa muda, hilo dirisha lisiwapite, mtoto alishapelekwa mara tatu akaonja na bado Selform yake inasema kitu alichokijaza Agosti kwa kukopi kwa deski meti wake.

Alafu tafuta mlango wa mwisho. Kazi nyingi cheti cha chuo hakikufikishi, kuna mtu mwingine mbele ameshika ufunguo. Anayetaka uwakili, digrii ya sheria siyo mwisho, kuna Shule ya Sheria baada yake, na mnakumbuka 2022 nchi nzima ilivyopiga kelele kuhusu wanaofeli pale. Mhasibu anasubiriwa na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Injinia lazima asajiliwe ERB, bodi ya mainjinia. Fundi wa kufunga umeme majumbani anahitaji leseni ya EWURA. Daktari akimaliza miaka mitano ana mwaka mwingine wa intanshipu. Mwalimu zamani alikuwa anapangiwa tu, siku hizi anaitwa kwenye usaili kama wengine. Baharia cheti chake kinataka muda wa kukaa baharini, na meli ya kumpokea aitafute. Mtoto aujue huo mlango leo akiwa na miaka 17, asije akauona akiwa na 24 na kachoka.

Na jamani tusikimbilie kinachovuma. Mnaikumbuka enzi ya gesi? Bomba la kutoka Mtwara mpaka Dar limekamilika 2015, kila mzazi mwenye mtoto wa PCM anataka asome petroli na gesi, na ule mradi mkubwa wa LNG, wa kugeuza gesi iwe kimiminika, wa Lindi mpaka wale watoto wamemaliza digrii bado watu wako kwenye mazungumzo. Sasa hivi naona kila mtu anataka mwanae akafanye kazi kwenye treni ya umeme. Reli ni nzuri, ila kabla mtoto hajasoma jina la mradi asome kitu anachoweza kukibeba akaenda nacho kwingine, umeme wa mitambo unafaa kwenye treni na unafaa kwenye kiwanda cha soda.

Hela

Ada ndo sehemu ndogo. Piga hesabu ya miaka yote mpaka cheti, na anza na nauli. Chukua mtoto anayetoka Gongo la Mboto kwenda mjini, weka nauli ya kwenda na kurudi 1,400, wali maharage na maji 3,000, hiyo 4,400 kwa siku, mara siku 22 ni 96,800, mara miezi kumi ni 968,000. Karibu milioni na hujanunua hata peni. Sasa zidisha kwa miaka mitatu. Ndo maana nikaona watu wanaacha mwaka wa pili, na siyo kwamba hawana akili, nauli imewashinda.

VETA ya serikali kwa miaka mingi kozi ndefu ilikuwa 60,000 kwa mwaka kwa anayekwenda na kurudi, na 120,000 kwa wa bweni, kwa hiyo tofauti na chuo cha diploma binafsi ni mbingu na ardhi. Bodi ya mikopo sasa hivi inakopesha mpaka baadhi ya kozi za diploma, siyo digrii tu, angalia kama yako imo kabla hujauza kiwanja.

Na kagua usajili, wa chuo na wa kozi, vyote viwili. Mtoto wa rafiki yangu alilipa mwaka mzima kwenye chuo kimoja hapa mjini, jina nalihifadhi, majengo mazuri, bango kubwa, kumbe chuo kimesajiliwa ila ile kozi yake haimo. Ukimaliza diploma ukitaka kuomba digrii utatakiwa namba ya uhakiki ya NACTVET, ile wanaiita AVN, kama chuo hakikupeleka jina lako huko hupati, na mkuu wa chuo hapokei simu. Tovuti ya NACTVET ina orodha, dakika kumi tu.

Wa boda je? Wapo, wanakuja, "shangazi mi nataka boda nipate hela sasa hivi." Simkatalii. Namwambia kapate leseni kwanza, alafu kaa kijiweni wiki uandike hesabu ya tajiri kwa siku, mafuta, sevisi, siku za mvua, na kilichobaki. Wengine wakiona kilichobaki wanarudi, wengine wanaendesha mwaka wanalipia kozi. Huyo wa pili namheshimu sana.

Baba mtu

Kazi ngumu kuliko zote. Kaka yangu aliposikia mwanae kapata divisheni foo ya 28 na anabeba ngazi Kariakoo alikuja Tabata na teksi, hakunywa hata maji. "Nimekupa mtoto umsaidie, umemfanya kibarua? Atarisiti." Ukibishana na mtu kwenye hali hiyo umepoteza. Nikamwambia sawa kaka, atarisiti, fomu tutajaza, ila naomba kesho umsindikize mwanao kazini mara moja tu umwone.

Akaenda. Akakaa kwenye kiti cha plastiki kwenye ofisi ya watu masaa mawili mazima anamwangalia mtoto anafungua kava, anaosha chujio, anarudisha, anawasha, na yule mwenye ofisi bila kujua ni nani akamwambia "mzee huyu kijana wenu anajua kusikiliza." Kaka hakusema kitu. Kwenye daladala wakati wa kurudi ndo akauliza VETA fomu zinatoka lini.

Siyo kila baba atageuka hivo. Wengine mpe kitu anachokijali, muonyeshe ngazi kwamba kutoka cheti kuna diploma na kuna digrii, maana anachoogopa mara nyingi ni kwamba umemfungia mtoto mlango, na aibu ya kijijini wakiuliza. Usimpinge mbele ya mtoto. Na mtoto mfundishe aongee mwenyewe, kwa adabu, na daftari mkononi, "baba nimeenda mara tatu, nimeona hiki na hiki", mzazi akisikia mara tatu anajua siyo upepo.

Yule niliyemharibia

Nilisema ntamsema. Mtoto wa dada yangu, kijana mpole, kamaliza fomu siksi, ofisini kwetu ikatokea nafasi na mi nikaona bahati hiyo, aingie kliaringi. Sikumwonjesha, nilimuingiza. Sikumwambia kwamba hii kazi nusu yake ni kusubiri, unasubiri mfumo wa forodha urudi, unasubiri rilizi oda ile ruhusa ya kutoa mzigo, unasubiri mkaguzi, huku mteja anakupigia kila dakika kumi kwa sababu storeji inasoma na kila siku ni hela. Mi kelele zile zinanipa nguvu. Yeye alikuwa anarudi nyumbani haongei, akipigiwa simu mkono unatetemeka. Miezi minne, akaacha, na mpaka leo akiniona ana aibu wakati mwenye kosa ni mi mama yake mdogo. Daftari ningelifungua ningeona, ni mtoto anayekaa siku nzima peke yake anachora na hachoki. Sasa hivi yuko Chuo Kikuu Ardhi anasoma upimaji, kajitafutia mwenyewe.

Ndo maana nasema koneksheni itumie kumwonyesha kwanza, ajira baadaye. Na akikosea asifokewe, ila mpe muda maalumu, "jaribu mpaka Juni, Juni tunakaa tena", na Juni mkae kweli.

Wa pasi sasa hivi yuko ngazi ya pili VETA, majokofu na viyoyozi, mchana shule, wikiendi yuko na yule fundi wake kwenye maofisi. Kaka kafunga AC sebuleni kwake mwezi wa tatu, na fundi alikuwa mwanae mwenyewe, kapima, kachimba ukuta, kamaliza siku moja. Hela ya kazi hajamlipa mpaka leo, anasema "mtoto gani anamdai baba yake", na kijana kanipigia jana, "shangazi nisaidie kudai, gesi nilikopa dukani."